Kitambaa cha Tano

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa moyo amesema ukweli leo. Nilimlazimisha. Nilimwambia mimi ni muuguzi, miaka thelathini na minne chumba cha upasuaji, usinizungushe. Akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. Wiki, akasema. Labda miezi. Lakini jinsi alivyolitamka hilo "labda" nilijua ni wiki.

Sikulia. Nilipigwa na butwaa tu. Miaka themanini na moja, nimefumba macho ya watu wasiohesabika, na bado nilishtuka kana kwamba habari hii haijawahi kumfika mtu!

Presha 190 kwa 110. Dawa zimefika mwisho wake, akasema, kilichobaki ni mimi mwenyewe kujituliza. Nipunguze mawazo. Nikamuuliza hayo mawazo yanapunguzwa dirisha namba ngapi. Alicheka. Binti wa kaka yangu, aliyenisindikiza, hakucheka. Njiani alinishika mkono kwa nguvu kama mtu anayevusha mtoto barabara.

Naishi kwake tangu nivunjike nyonga. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule chumba cha mbele, na mimi nina chumba hiki cha nyuma chenye dirisha la uani. Jioni aliniletea uji. Nikasema sina hamu. Akasema, "Kunywa, Shangazi. Huwezi kufa na njaa kwenye nyumba yangu, watu watanisema."

Daftari hili nimelitoa kwenye rundo lake la kuchorea vipimo. Kuna jambo moja ambalo lazima litoke kabla yangu. Leo sina nguvu ya kuliandika.

Jumanne, 4 Machi

Wifi amekuja. Mama yake huyu binti, mjane wa kaka yangu. Alihamia mji huu mwaka juzi na tangu hapo hanipi nafasi ya kupumua. "Wifi, mbona umekaa kama unasubiri kuitwa kazini? Ulishastaafu, hakuna anayekuja kukukagua!" Sabini na moja, na kicheko chake bado kinatangulia mlangoni.

Kaja na rafiki yake wa kanisani. Mwanamke mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, viatu bapa, maneno machache. Wanamwita Mama Pumzi. Huwafundisha wagonjwa na wenye hofu kutuliza mwili kwa sala. "Nimekuletea dawa isiyomezwa," akasema wifi, kisha akaenda kukaa na bintiye mbele.

Nilikuwa na kiburi, nakiri. Mimi niliyeshika maini ya watu kwa mikono yangu, leo nifundishwe nyayo zangu ziko wapi!

Alivuta kiti. Akaniambia nifumbe macho nianze na nyayo. Zina joto au baridi? Nisizibadilishe. Nizitambue tu, kisha nimwambie Mungu. "Usimwambie unavyotaka uwe, mama. Mwambie ulivyo." Tukapanda. Vifundo. Magoti. Nyonga yangu yenye chuma. Tumbo. Mabega, ambayo kumbe yalikuwa yamepanda hadi masikioni! Sikujua. Kila kiungo anasema taratibu: Bwana, hivi ndivyo ulivyo mguu wangu. Bwana, hivi ndivyo lilivyo bega langu.

Tulipofika kwenye taya akasimama. Akaweka vidole viwili chini ya sikio langu. Akasema hapa pamekazwa sana, na si jana wala juzi.

Nikasema ni meno ya bandia.

Wifi alisikia kutoka chumba cha mbele, akacheka hadi akakohoa. Mama Pumzi alitabasamu, hakubishana.

Presha baada ya hapo: 160 kwa 95. Nilipima mara mbili. Mara tatu! Mashine ni nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya zoezi peke yangu asubuhi, jua likiwa kwenye shuka. Nyayo baridi. Magoti sawa. Nilipofika kwenye taya mdomo ulifunguka wenyewe na neno likataka kutoka. Nalijua neno lenyewe. Basi niliandike.

Miaka arobaini na sita iliyopita wifi alipelekwa chumba cha upasuaji kujifungua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa daktari vifaa. Nilijiweka mwenyewe kwenye zamu, nilitaka mke wa kaka yangu awe mikononi mwangu. Msaidizi wangu alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, hata mwaka hajamaliza kazini.

Kazi yetu ina utaratibu mmoja usiovunjwa. Vitambaa vya kufyonzea damu huja vimefungwa vitano vitano. Kabla tumbo halijashonwa, kila kitambaa lazima kirudi. Mimi nahesabu kwa sauti, nikigusa kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Msaidizi anatazama na kuitikia: tano. Anakunja kidole kimoja, anaandika ubaoni, tunakwenda fungu linalofuata. Ikiwa mmoja wetu ana shaka hata chembe, anasema neno moja tu: "Rudia." Hapo hata daktari bingwa anasimamisha sindano, na hesabu inaanza upya.

Mtoto alitoka hali hapumui. Msichana akampokea, akageuka nyuma kumhangaikia. Kumsafisha mdomo, kumsugua mgongo, kumpiga nyayo. Daktari alikuwa amechoka, ananiuliza hesabu, hesabu, Sista! Nikahesabu. Fungu la mwisho: moja, mbili, tatu, nne.

Vinne. Niliviona. Niliona vinne.

Na nikajiambia wale wa chumba cha kutakasia vifaa wamefunga vinne tena, wazembe wale. Ilishawahi kutokea. Mara moja! Nikasema kwa sauti kubwa: tano. Msichana, mgongo kwetu, akaitikia: tano. Kwa sababu aliniamini. Wakati uleule mtoto akalia. Chumba kizima kikacheka kwa furaha. Nikamwambia daktari hesabu imetimia. Msichana akaenda ubaoni, akaandika 5.

Miezi saba wifi aliumwa. Homa, tumbo, watu wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Akafunguliwa tena hospitali nyingine. Kitambaa cha tano kilikuwa ndani, na kizazi kilikuwa kimeoza. Wakavitoa vyote viwili. Huyu anayeshona hapo mbele ndiye mtoto wake pekee.

Kamati ya uchunguzi ya hospitali iliniuliza. Nilisema nilihesabu, msaidizi akathibitisha, mwandiko wa ubaoni ni wake. Yote kweli! Ndiyo maana nililala usingizi usiku ule. Wakamuuliza yeye kama alitazama. Akasema hapana. Hakujitetea hata kidogo. Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Mimi mwaka uliofuata nilipandishwa cheo.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike upesi.

Mama Pumzi amekuja leo na zoezi jipya, la kuhesabu pumzi. Akasema tutavuta tano, tupumzike, halafu tano nyingine. Akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Akanitazama, akingoja.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Tano."

Akakunja kidole kimoja.

Mungu wangu! Hakuna mtu nje ya chumba kile anayehesabu hivyo! Akaendelea. Mafungu manne. Kila fungu ananingoja, naitikia, anakunja kidole. Mkono wa kushoto. Yule msichana alikuwa akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, tulikuwa tukimtania kwamba anafuta kwa kiwiko alichokiandika.

Nikamtazama usoni. Toa mikunjo, toa mvi. Ni yeye.

Presha 205 kwa 118. Aliifunga ile mashine mkononi mwangu kama mtu aliyezaliwa nayo, akaisoma, akanilaza, akaniinulia kichwa kwa mito. Alipofika mlangoni akasema, "Pumzika, Sista."

Sista! Miaka ishirini hakuna aliyeniita hivyo. Hapa mimi ni Shangazi, ni Bibi, ni Wifi. Nani alimwambia?

Anajua. Amekuja akijua. Amekuja kufanya nini?

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani, miguu imejaa maji. Nimesali kitandani. Sala fupi: Bwana, naogopa. Hivi ndivyo nilivyo.

Nikamuuliza binti wa kaka, kama mtu asiyejali, mama yako alimpata wapi yule rafiki yake. Akasema kwenye mkutano wa kanisa, miaka kama kumi na tano iliyopita. Walikumbatiana wakalia mbele ya watu wote hadi yeye akaona aibu. Walilia nini? "Sijui, Shangazi. Ninyi wazee mna mambo yenu." Akavunja uzi kwa meno. Kisha akasema ila anampenda yule mama, kila akija mama huyo humwekea yeye mkono kifuani kwanza, kana kwamba anasikiliza kama bado anapumua.

Niliomba anigeuze niangalie ukuta.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nitaandikaje hili.

Hakuanza na nyayo leo. Alifunga mlango taratibu. Cherehani ilikuwa ikilia mbele, wifi akipiga soga. Mama Pumzi akapiga magoti. Magoti yale ya miaka sitini na minane, kwenye saruji, mbele ya kitanda changu!

Nikasema inuka. Hakuinuka.

Akasema alijua tangu wifi alipomtajia hospitali niliyofanyia kazi kwamba ni mimi. Akasema ameomba miaka yote anikute hai. Akasema mama wa yule mtoto alishamsamehe, Mungu alishamsamehe, nimebaki mimi.

Mimi!

"Uliniamini, Sista. Ulihesabu, mimi nikaitikia bila kutazama. Ningegeuka tu. Sekunde moja. Nimekuponza, ukasimamishwa mbele ya kamati kwa ajili yangu. Nisamehe."

Nilikuwa na nafasi. Mlango umefungwa. Watu wawili tu, mimi na yeye, na Mungu. Neno lilikuwa hapa, chini ya sikio, pale alipogusa siku ya kwanza. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Nimekusamehe."

Nimesema hivyo! Mimi! Nimemsamehe!

Akalia kwa furaha. Akanibusu viganja. Akasema sasa mwili wake wote ni mwepesi. Wifi akaingia na chai, akatukuta, akaelewa nusunusu, naye akaanza kulia na kumshukuru Yesu. Wote wawili wakaniimbia wimbo wa shukrani. Nimekaa katikati nikiimbiwa.

Jumatano, 12 Machi

Presha 138 kwa 84.

Haijawahi kuwa hivi tangu nistaafu. Binti wa kaka amepiga makofi. Anasema sala za Mama Pumzi zina nguvu.

Nimeogopa kuliko siku ilipopanda. Kumbe hata mwili unadanganyika! Kumbe mtu anaweza kutulia kabisa, moyo ukapiga polepole, juu ya uongo! Nimefanya zoezi, nyayo, magoti, mabega. Yote yamelegea. Yote laini.

Taya tu. Taya limekazwa kama chuma.

Asante, Bwana, umeniachia taya.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi alikuja peke yake, na machungwa. Nilipanga kumwambia yeye kwanza. Alimenya huku akiongea, hapumziki yule.

Nikamuuliza wifi, yule Mama Pumzi alifanya kazi gani baada ya kufukuzwa hospitali. Akasema hakushika sindano tena. Hakuna aliyemchukua. Alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni, miaka thelathini na kitu, mikono ikachunika. Kila jioni alikuwa akianua nguo na kuhesabu vibanio vya kamba. Tano tano. Akikosa kimoja hawezi kwenda nyumbani, anatambaa kwenye majani akikitafuta hadi mwili wote unamtetemeka na pumzi zinakata. Ndipo mchungaji mmoja mzee akamfundisha kukaa chini, kuhisi ardhi chini ya nyayo, na kumwambia Mungu: hivi ndivyo nilivyo. Ndilo zoezi analotufundisha leo.

Nililiweka chungwa chini.

Basi ndiyo hiyo dawa yangu. Imetoka kwenye kidonda nilichompa mwenyewe. Niliinywa, nikapata nafuu!

Nikajikaza. Nikasema, wifi, na kama kosa lilikuwa langu?

Aliniangalia. Kisha akacheka kile kicheko chake. "Lako wewe? Wewe ungehesabu hadi nywele za daktari! Acha utani, kula chungwa."

Nikala.

Akaongeza akiwa mlangoni, bila kugeuka. Alisema nisimchokoze na mambo yale. Kumsamehe yule mama kulimchukua miaka thelathini. Hana miaka mingine thelathini.

Nimewaza mchana kutwa. Nikisema, nampoteza wifi. Nampoteza binti, ambaye ananinawisha, ananibeba, ananiita Shangazi kwa sauti ambayo sistahili. Nitakufa kwenye nyumba ya watu walionigeuzia mgongo. Nisiposema, nitakufa nikiimbiwa, na yule mama ataendelea kuhesabu vibanio hadi kaburini.

Kifua kimebana leo. Vidole vina rangi ya samawati. Najua dalili. Si miezi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu asubuhi. Hawajafika. Nimeomba binti aniketishe kwenye kiti, nyayo chini, si kitandani. Akauliza kuna mgeni gani leo. Nikasema kuna ukaguzi. Akacheka, "Shangazi, ulishastaafu!" Mama yake mtupu.

Presha sijapima. Haina tena la kuniambia.

*

Saa nne na nusu. Naandika haraka, herufi zinakimbia.

Walifika wote wawili. Wifi akabaki mbele na bintiye. Mama Pumzi akaingia, akafurahi kuniona nimekaa wima. Akasema uso wangu umebadilika. Tukaanza. Nyayo: baridi. Magoti: yanatetemeka. Nikamwambia Mungu hivyohivyo, kwa sauti. Tukafika kwenye pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Akaningoja.

Sikuitikia.

Akadhani nimechoka. Akaanza tena, kwa upole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akainama kunitazama machoni. "Mbona huitikii, Sista?"

Nikasema, "Niliona vinne."

Hakuelewa. Niliona hakuelewa. Bado anatabasamu, kidole kimesimama nusu.

Nikasema, "Siku ile. Ulikuwa umegeuka unampa mtoto pumzi. Fungu la mwisho lilikuwa vinne. Niliviona kwa macho yangu. Nikasema tano. Hukuniponza wewe. Mimi nilikudanganya wewe, na kamati, na juzi nikakusamehe. Nikakusamehe!"

Tabasamu lilikaa usoni pake kidogo, kama taa inayochelewa kuzimika. Kisha uso ukawa mtupu. Nimeona nyuso za watu wakipewa habari za kifo. Sijawahi kuona ule. Alitazama mkono wake wa kushoto. Akaugeuza. Akautazama upande wa pili, kama mkono wa mtu mwingine ambao amekuwa akiutunza.

Nilingoja anipige. Nilitamani.

Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya msichana wa miaka ishirini na miwili:

"Rudia."

Nikarudia. Niliona vinne, nikasema tano.

"Rudia."

Nikarudia. Mara hii alikuwa akitikisa kichwa polepole na midomo ikisema nami, akiyagusa maneno moja moja. Machozi hakuwa nayo. Wala mimi.

Akasimama. Akashika mgongo wa kiti changu hadi mbao ikalia. Akasema hesabu hii haifungwi na watu wawili. Na kwamba kuna watu hapo mbele ambao hawajaisikia. Akatoka. Mlango kauacha wazi.

Nimevuta daftari kwa sababu sijui kama baadaye mkono utaandika.

Namsikia anaongea. Simsikii anachosema. Wifi ameanza kucheka — amekatiza.

Cherehani imenyamaza.

Nyayo ziko sakafuni. Magoti yanagongana. Moyo unakimbia kama kitu kilichofunguliwa, huenda ndiyo siku yake. Meno hayajaumana. Nimegusa chini ya sikio kwa vidole viwili ili niwe na hakika. Laini.

Kiti kinasogezwa. Kingine. Miguu ya watu watatu ukumbini, na wa mbele ni huyu binti, namjua kwa kandambili zake.

Bwana, hivi ndivyo nilivyo. Nitarudia. Mara zozote watakazotaka, nitarudia —